Hoja ya Kila Taifa na Kweli Yake

Imeenea katika nchi yetu, tangu kumbi za vyuo vikuu vya Nairobi hadi vibanda vya chai kando ya barabara ya Mombasa, rai moja ambayo wasemaji wake huitoa kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hatajibiwa. Rai yenyewe ni hii: kwamba hakuna kweli iliyo ya watu wote, kwamba haki za binadamu, uhuru wa kusema na hukumu ya kadhi asiyemwogopa mtawala ni mila za Ulaya zilizovikwa joho la ulimwengu, kwamba Uchina, kwa kuwa ni ustaarabu mkongwe wenye kipimo chake, haipimiki kwa kipimo cha mgeni, na kwamba Mwafrika anayeihoji serikali ya Beijing, au mikopo yake, au kampuni zake, hafanyi ila kurudia kasumba aliyoachiwa na mkoloni. Nimeisikia kwa mwalimu wa sekondari, kwa dereva wa lori aliyeegesha Sultan Hamud akingoja nyama yake iive, kwa mwakilishi wa wadi, na kwa kijana aliyerudi kutoka Wuhan na shahada ya uhandisi. Wote ni watu wa heshima, na baadhi yao wana akili ya kunishinda. Makala haya nimeyaandika kuwapinga.

Lakini kwanza niwape haki yao, maana mwenye kujadili bila ya insafu hujadiliana na kivuli. Hatukosi sababu ya kuwashuku wanaotuletea kweli za ulimwengu mzima. Mji huu wa Sultan Hamud, uliokaa mpakani mwa Makueni na Kajiado, baina ya Mkamba mwenye shamba na Mmaasai mwenye mifugo, unaitwa kwa jina la Seyyid Hamud bin Muhammad, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar tangu 1896 hadi 1902. Jina hilo lilikuja na reli ya Waingereza, iliyotandikwa kwa mikono ya vibarua wa Kihindi, wala sijasikia kwamba Mkamba au Mmaasai yeyote alitakwa shauri. Waliofuata nyuma ya reli hiyo walikuja na sheria, na dini, na elimu ya udongo, na kila kimojawapo walikiita hakika isiyo na mipaka. Watu waliotawaliwa kwa namna hiyo wakiambiwa leo kwamba hakika isiyo na mipaka haikuwako kamwe, ila ilikuwa sitara ya mamlaka, si ajabu wakaona wametuliwa mzigo.

Basi tuitazame elimu hiyo ya udongo, kwa kuwa kisa chake ni chetu wenyewe. Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, alitoa taarifa juu ya ardhi ya Wakamba wa Machakos, wilaya ambayo Makueni yetu ilikuwa sehemu yake hadi 1992, akiieleza kuwa ni nchi inayokwisha kwa mmomonyoko na kwa wingi wa ng'ombe. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwapunguza ng'ombe hao kwa nguvu. Wakachukuliwa mikononi mwa wenyewe na kuuzwa kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kikiwa tayari kuwapokea. Julai 1938 umati wa Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto wao, ulitembea kwa miguu hadi Nairobi, ukapiga kambi, ukataka kuonana na Gavana uso kwa uso. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha upunguzaji wa lazima ulikuwa umesimamishwa.

Mwenye kusoma nadharia za leo atafurahi na kisa hiki, na ana haki ya kufurahi, kwa sababu hapa elimu na mamlaka zilitembea pamoja: kipimo cha udongo kilikuwa pia hati ya kunyang'anya. Ila namwomba asiondoke mapema. Wale waliokwenda Nairobi hawakumwambia Gavana kwamba Mwingereza ana kweli yake na Mkamba ana yake, kisha warudi nyumbani. Walimwambia kwamba ng'ombe wanachukuliwa bila ya ridhaa na kuuzwa bila ya thamani, na kwamba jambo hilo ni dhuluma, kwake na kwao sawasawa. Wakalidai jibu mbele ya macho ya watu. Na lile dai la Maher kwamba nchi inakufa kwa wingi wa viumbe halikuvunjwa na falsafa. Lilivunjwa na ithibati. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kiasi cha mara tano tangu miaka ya 1930, na bado, kwa matuta na kwa jasho, ardhi ilikuwa imetengenea kuliko zamani; wakaweka hata picha za vilima vilevile, za mwaka 1937 na za zama zetu, zitazamane. Kweli ya mkoloni ilishindwa na kweli iliyopimwa vizuri zaidi, na waliopima walitumia utepe uleule wa kupimia.

Sasa tuende Uchina, lakini kwa njia ya Ukerewe.

Elimu inayoitwa usasaleo ilipata jina lake kubwa mwaka 1979, Jean-François Lyotard alipoandika kwamba alama ya zama hizi ni watu kutoziamini tena hadithi kuu: hadithi ya maendeleo, hadithi ya ukombozi, hadithi ya akili inayouangaza ulimwengu. Michel Foucault alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi hospitali, gereza na shule zinavyomtengeneza mtu anayedhani amejitengeneza mwenyewe. Fikra hizi zilipowafikia waandishi wetu zilikuta kazi inazingoja. Mwaka 1985 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa cha Tanzania, alikamilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na baada ya hapo akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vinavyovuruga msimulizi na wakati na mahali hata msomaji asijue ashike wapi. Aliyewahi kusoma Kaptula la Marx, tamthilia aliyoiandika katika zama za Ujamaa nayo isipigwe chapa hadi 1999, anajua shabaha ya uvurugaji huo ilikuwa nini. Ilikuwa ni neno la mtawala. Kezilahabi aliishi katika nchi ambamo hadithi kuu ilisomwa redioni kila siku, akaona kwamba kuibomoa ni wajibu wa mwandishi; na hadithi aliyoibomoa ilikuwa ya nyumbani, yenye bendera ya nyumbani. Hakuipinga London kwa sababu kuipinga Dodoma ni hatari.

Mwaka uleule wa 1985 Mmarekani Fredric Jameson alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Peking, na mihadhara yake juu ya usasaleo ikatafsiriwa ikawa kitabu kilichosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi. Wakati huo wasomi wa Uchina walikuwa na kiu ya kila fikra iliyotoka nje, maana walikuwa wametoka katika miaka ambayo kitabu kimoja kidogo chekundu kilikuwa ndicho elimu yote. Halafu ikaja tarehe 4 Juni 1989, vifaru vikaingia katikati ya Beijing. Waliobaki na kalamu baada ya siku hiyo walikuta kwamba kuiuliza dola ya nyumbani ni kujitafutia maangamizi, bali kuiuliza Magharibi hakuna dhambi, tena kuna thawabu. Na nadharia ya kuiulizia ilikuwa tayari mezani, imekwisha kutafsiriwa. Mwaka 1994 Zhang Fa, Zhang Yiwu na Wang Yichuan waliandika makala mashuhuri wakidai kwamba usasa, kwa Uchina, ulikuwa ni kujitazama kwa macho ya mgeni, na kwamba saa imefika ya kuacha usasa na kurudia Uchina wenyewe. Mwaka uliofuata Zhao Yiheng, Mchina aliyekuwa akifundisha London katika chuo kilekile ambacho kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, alijibu katika jarida la Hong Kong kwamba elimu hizi, zilizozaliwa Ulaya zikiwa uasi, zimegeuka Uchina kuwa uhafidhina mpya: zinaitikisa kila mamlaka isipokuwa ile iliyo juu ya kichwa cha mwandishi. Alijibiwa kwa ukali, akaambiwa kwamba aliye ng'ambo haielewi nchi. Miaka thelathini iliyofuata imemjibia.

Sidai kwamba katika ofisi za watawala kule Zhongnanhai, Beijing, husomwa Lyotard kabla ya kulala. Dai langu ni dogo kuliko hilo na baya kuliko hilo: kwamba dola ilikuta katika nadharia hiyo hoja moja inayoifaa, ikaichukua, ikayaacha mengine yote. Watu waliovusha hoja hiyo kutoka maktaba hadi ikulu wanajulikana. Wang Huning alikuwa profesa wa Fudan, akazunguka Marekani mwaka 1988, akaandika mwaka 1991 kitabu juu ya nchi hiyo inavyopingana na nafsi yake. Mwaka 1995 akaingia katika ofisi ya utafiti ya Chama, na mwaka 2017 akawa mmoja wa watu saba wanaotawala Uchina. Jiang Shigong, mwanasheria wa Peking aliyeanza kwa kumsoma Foucault, aliandika mwaka 2018 makala ndefu ya kuzipa zama za Xi Jinping falsafa yake, akiipanga historia katika daraja tatu, Mao aliyeisimamisha nchi, Deng aliyeitajirisha, na Xi anayeitia nguvu. Nami nastaajabu jinsi mwanafunzi wa wabomoaji wa hadithi kuu alivyoweza kuandika hadithi kuu iliyonyooka namna hiyo. Zhang Weiwei akaeneza dhana ya dola iliyo ustaarabu mzima, isiyolinganishwa na dola nyingine. Hatimaye, Machi 2023, Xi mwenyewe akautangazia ulimwengu mpango wake wa ustaarabu, unaowataka watu waheshimu tofauti za staarabu zote na wasiwatwishe wengine maadili yao.

Hapo ndipo msomi wetu wa Nairobi anapopiga makofi. Ni maneno mazuri, na yangekuwa mazuri zaidi kama yangesemwa na mtu anayeyatumia nyumbani kwake.

Aprili 2013 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilisambaza waraka unaojulikana kwa jina la Waraka Namba 9, ukiwaonya viongozi dhidi ya hatari saba. Miongoni mwazo ni katiba ya namna ya Magharibi, maadili ya watu wote, jumuiya za raia, uandishi wa habari ulio huru, na jambo linaloitwa unihilisti wa kihistoria, maana yake ni kuisimulia historia ya Chama kinyume na Chama kinavyoisimulia. Mwandishi Gao Yu, bibi aliyekwisha kupita umri wa miaka sabini, alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 7 kwa shtaka la kuupeleka waraka huo nje. Hukumu ikapunguzwa baadaye. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kulinda heshima ya mashujaa na mashahidi, na mwaka 2021 ikaongezwa katika sheria ya jinai adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 3 kwa anayewakashifu. Luo Changping, aliyekuwa mwandishi wa habari mwenye sifa ya kufichua rushwa, aliandika kwa kejeli juu ya askari waliokufa kwa baridi katika vita vya Korea, waliotukuzwa katika filamu moja ya mwaka huo. Mwaka 2022 akafungwa miezi 7.

Nawauliza wenzangu: hadithi kuu ni nini kama si hii? Mpakani inasemwa kwamba kweli ni nyingi na kila ustaarabu una yake. Ukivuka mpaka ukaingia ndani, kweli ni moja, ina tarehe ya kuzaliwa, ina wino wa serikali, na anayeiongezea mstari huenda jela. Kama wingi wa kweli ndiyo kanuni, basi uanze nyumbani: Mwiguri wa Kashgar ana lugha yake, dini yake na mashairi yake ya karne nyingi, Mtibeti wa Lhasa ana elimu yake iliyoandikwa kabla ya wengi wetu kuwa na herufi. Je, hao hawana ustaarabu? Au ustaarabu, katika hesabu hii, ni jina la kile kilicho na jeshi? Kanuni inayotolewa kwa ajili ya dola dhidi ya dola nyingine, na kunyimwa mtu dhidi ya dola yake, haifai kuitwa kuheshimu tofauti. Ni kinga ya watawala, nao ni watu wachache sana kuitwa Uchina.

Nasi Wakenya tusijifanye wageni wa hila hii, maana tuliisikia kwa Kiswahili fasaha kabla haijasemwa kwa Kichina. Mwaka 1982 katiba yetu ilirekebishwa ikatufanya nchi ya chama kimoja kwa sheria, na tukaambiwa kwamba vyama vingi ni mazoea ya wageni, kwamba Mwafrika hukaa chini ya mti akapatana na mwenziwe, na kwamba anayetaka upinzani ametumwa na mabwana wa ng'ambo. Mwaka 1986 Rais Moi akatoa kitabu cha falsafa ya Nyayo, ili itikadi nayo iwe na jalada. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: katika mchujo wa KANU, chama hicho kimoja, kura ya siri iliwekwa kando kuwa kitu cha kigeni, wapiga kura wakajipanga nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, na aliyefikisha asilimia 70 akawa amepita pasipo kurudi kwa wananchi tena. Walio na umri wangu wanakumbuka kilichotokea sehemu nyingi. Foleni moja ilipinda ikazunguka uwanja wa shule ikatokea barabarani. Nyingine ilikuwa ya watu wa kuhesabika kwa vidole, wamesimama wakitazama viatu vyao. Msimamizi akatangaza kwamba ile fupi imeshinda.

Mtu aliyesimama katika foleni ndefu siku hiyo alihitaji nini? Hakuhitaji kuambiwa kwamba hesabu ni mila ya Wagiriki, wala kwamba urefu hutegemea mtazamaji. Alihitaji mahali pa kwenda kusema kwamba mia tatu ni wengi kuliko ishirini, na asipigwe kwa kusema hivyo. Kifungu cha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991 na watu waliosema jambo hilo, wengine kutoka mimbarini, wengine mahakamani, wengine kizuizini. Na kila mmoja wao aliitwa kibaraka wa wazungu. Leo namsikia mtoto wa mmojawapo akiwaita vibaraka wa wazungu Wachina waliotia saini Hati ya 08, ile iliyotolewa Desemba 2008 kuomba katiba na kura, ambayo Liu Xiaobo alihukumiwa kwa sababu yake miaka 11, akafa mwaka 2017 akiwa bado katika mikono ya waliomfunga. Kama Liu hakuwa Mchina, sijui Mchina ni nani. Na kama maadili ya watu wote ni ya Ulaya peke yake, itabidi tumfute pia Peng Chun Chang, Mchina aliyekuwa makamu mwenyekiti wa tume iliyoandika Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, aliyewakatalia Wazungu wa tume hiyo wasiyatie maneno yao ya teolojia, akaleta katika mjadala hekima ya Confucius.

Nasikia jibu: na Marekani je? Iraq je? Waingereza walioimba uhuru na kumpeleka Muindi Mbingu Lamu je? Hili ndilo jibu linalotolewa haraka kuliko yote, na wanaolitoa hudhani kwamba limefunga mlango, nami naona kwamba limeufungua. Kumwita mtu mnafiki ni kusema kwamba kipo kipimo alichokikiri akakivunja. Unafiki hauwezi kuwako pasipo kipimo. Ukikubali kwamba kila taifa lina kweli yake na haki yake, isiyoulizwa na aliye nje, basi Gavana wa 1938 hakuwa na kosa lolote: alifuata kweli ya ustaarabu wake, uliowaona Wakamba kuwa watoto na ng'ombe wao kuwa hasara kwa udongo. Humlaumu tena, unaweza tu kusema kwamba hukumpenda. Wenzangu wanaoshika rai hii kwa ghadhabu ya ukoloni, ghadhabu ambayo ni halali na ninayo, hawajatambua kwamba wamemsamehe mkoloni kosa lake lote, na kwa hisani gani? Ili asiulizwe mtu mwingine.

Wako pia wanaosema kwamba rai hii huenea kwa sababu inalipiwa, na ni kweli kwamba televisheni ya dola ya Uchina ina kituo chake Nairobi tangu 2012, kwamba Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005 ikiwa ya kwanza barani, na kwamba pale Kibaha, Tanzania, Chuo cha Uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere kilichogharimiwa na Chama cha Kikomunisti cha Uchina kilifunguliwa Februari 2022 kuwafunza makada wa vyama sita vya ukombozi. Sishiki hoja hiyo kwa nguvu. Rai haiwi batili kwa kuwa mwenye kuieneza ana maslahi; na Waingereza nao walilipia mengi. Jambo linalonishughulisha ni nani hapa kwetu anayepata faida nayo, na jawabu lake liko juu ya tuta linalopita jirani na mji huu.

Reli mpya ilizinduliwa 31 Mei 2017, kilomita 472 tangu Mombasa hadi Nairobi, imejengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mikopo ya Benki ya Exim ya Uchina. Ni kazi nzuri ya uhandisi, wala sitaki kumwona mtu akiibeza kwa sababu ya pasipoti ya waliomwaga zege. Abiria wa Sultan Hamud huipanda Emali, kwetu hupita. Agosti 2019 serikali iliamuru shehena za bandarini zipande reli hiyo, nayo miji iliyokula kwa malori, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na huu wetu, ikaona vibanda vikifungwa na wauza mtumba wakihama. Vita vya kuipinga amri hiyo vikaendelea hadi serikali mpya ya Septemba 2022 iliporudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo. Katika miaka hiyo yote wananchi waliuliza swali jepesi: tumekopa kwa masharti gani? Wakajibiwa na serikali yao wenyewe kwamba mkataba una kifungu cha siri. Juni 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba Shirika la Reli lilimpata mjenzi kinyume cha sheria ya ununuzi. Wanaharakati Okiya Omtatah na Khelef Khalifa wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa kudai mikataba, na Mei 2022 mahakama ikaamuru itolewe. Ni baada ya serikali kubadilika, Novemba 2022, waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen alipotoa hadharani sehemu ya nyaraka. Tukasoma kwamba makubaliano ya mkopo yatatafsiriwa kwa sheria ya Uchina, na kwamba ugomvi utaamuliwa Beijing.

Nitaambiwa kwamba hati ya dhamana ya 2014, ile iitwayo Eurobond, ilitawaliwa na sheria ya Uingereza. Ni kweli, nami sikuipenda. Ila waraka wake wa mauzo ulisomwa na kila aliyetaka kuusoma. Na mtu aliyenihubiria kwamba kila ustaarabu una sheria yake isiyolinganishwa na nyingine anieleze jinsi ustaarabu wa mkopeshaji ulivyokuja kutawala deni la Mkenya wa hapa kwetu. Agosti 2018 vigogo wa Tume ya Ardhi na wa Shirika la Reli walipandishwa kizimbani Nairobi kwa mashtaka juu ya fidia ya ardhi ya reli hiyo. Wote walikuwa Wakenya. Wakati huo mkulima wa kando ya tuta alikuwa bado anashika karatasi ya mthamini, imekunjwa mara nne na kuchakaa penye mikunjo, akienda nayo ofisi baada ya ofisi. Kwake rai ya kila taifa na kweli yake imekuwa na tafsiri moja tu: afisa wa Kenya anamwambia kwamba takwimu anazozitaka ni siri kwa heshima ya rafiki.

Yule kijana wa Wuhan, ambaye ni mpole na ninayempenda, aliniambia kwamba usiri ni desturi ya Kichina katika biashara, na kwamba kuupinga ni kukosa adabu mbele ya ugeni. Namjibu kwa mambo ya Uchina yenyewe. Tangu 1 Mei 2008 zimekuwa zikitumika huko kanuni za serikali za kutangaza taarifa kwa raia. Zinavunjwa mara nyingi, lakini zimeandikwa kwa Kichina na Wachina. Na Septemba 2011 wanakijiji wa Wukan, katika mkoa wa Guangdong, waliamka dhidi ya viongozi wao kwa sababu ardhi ya kijiji ilikuwa imeuzwa kwa wajenzi, nao hawakujua kwa bei gani, kwa kibali cha nani, wala fedha zimekwenda wapi. Waliwafukuza maafisa, wakazingirwa na polisi, mmoja wa wajumbe wao akafa akiwa kizuizini, hawakurudi nyuma. Hata Machi 2012 wakaruhusiwa kupiga kura, wakamchagua Lin Zuluan awe mkuu wao. Mwaka 2016 Lin alifungwa kwa shtaka la rushwa, baada ya kutaka kuongoza watu tena kudai ardhi ileile. Sijapata kusikia kwamba yeyote kati ya wavuvi na wakulima wale alimsoma John Locke; na maswali waliyoyauliza ndiyo yale aliyonayo mkulima mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.